Upande wa Sirene

Lori lilifika mbele ya nyumba ya Godelieve saa moja na nusu asubuhi, mapema kuliko alivyotangaziwa. Dereva hakushuka. Alizima injini, akavuta kofia yake ya sufi hadi kwenye nyusi kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba, akangoja.

Inspekta Omer Kabongo alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Mkononi alishika karatasi ya kumwondoa mjane huyo katika kambi ya ushirika wa wachimbaji, apelekwe Mutshatsha kwa shangazi ya marehemu mumewe, kabla ya saa sita mchana. Sahihi iliyokuwa chini ya karatasi ni yake mwenyewe. Aliiweka wiki moja baada ya kumzika mdogo wake Ngoy.

Ukuta wa shimo la Kamilonda, upande wa Mutoshi, uliporomoka tarehe kumi na nane mwezi wa sita, saa nane na robo mchana. Waliokufa walihesabiwa kumi na mmoja. Ngoy alikuwa mmoja wao. Wa kumi na mbili, Kisimba mume wa Godelieve, hakuhesabiwa, maana yeye ndiye aliyekaa kila siku katika kibanda juu ya shimo, mbele ya ordinatere, ile kompyuta inayopiga sirene ya hatari ukuta unapoanza kutembea. Siku ile sirene haikulia. Kisimba mwenyewe alikutwa chini, katikati ya wachimbaji. Ripoti ya tume ikasema kwamba aliacha kazi yake akashuka kujitafutia mawe ya kobalti.

Baada ya msiba, askari walikuja wakawafukuza wachimbaji wote shimoni. Bei ya kobalti ilikuwa imekwisha kuanguka tangu mwanzo wa mwaka, ushirika ukafa, na wachimbaji waliotoka Sandoa wakarudi kwao. Wajane kumi na mmoja waliachiwa nyumba zao kambini. Wa kumi na mbili aliambiwa atoke.

Ng'ambo ya njia, wale kumi na mmoja walikuwa wamesimama na nguo zao nyeusi, kila mmoja na fagio lake. Mtu ambaye kambi haitaki arudi hufagiliwa nyayo zake anapoondoka. Walikuwa wamekubaliana kumfagilia Godelieve hadi barabara ya lami.

Godelieve alikuwa ameketi juu ya furushi lake, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Vyombo vyake vilikuwa vimekwisha kupakiwa, isipokuwa hilo furushi na kitabu cha nyimbo za misa.

“Mama Godelieve, panda,” Kabongo alisema.

“Nitapanda. Lakini soma hii kwanza.”

Kutoka ndani ya kitabu cha nyimbo alitoa daftari dogo la shule, limekakamaa kwa tope la manjano lililokauka. Alisema alilitoa katika mfuko wa suruali ya mumewe siku ile alipomwosha. Watu wa tume walifika kwake mara mbili, na mara zote mbili waliuliza tu kama Kisimba alikuwa anakunywa.

“Sasa juu ya nini unanipa mimi?” Kabongo aliuliza.

“Bale bengine banatafuta kumaliza maneno. Wewe unatafuta muntu wa kulipa. Mi pia.”

Kabongo alilifungua daftari akiwa amesimama.

Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili za saa, zimeandikwa kwa namna ya ofisi, 14h00 kwa saa nane mchana. Safu ya kushoto ilikuwa saa ya mkononi mwa Kisimba. Ya kulia ilikuwa saa iliyoonekana kwenye skrini, pembeni ya kipimo cha mwisho cha ukuta. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi tarehe saba mwezi wa tano, kushoto na kulia palikuwa sawa. Tarehe tisa mwezi wa tano: 10h00, na kulia 9h48. Jioni ya siku hiyohiyo: 15h00, na kulia 14h20. Tangu hapo, kila siku safu hizo zilianza pamoja asubuhi na kuachana kadiri jua lilivyosogea. Mstari wa mwisho ulikuwa wa tarehe kumi na nane mwezi wa sita: 14h05, na kulia 13h19.

Chini ya mstari huo hapakuwa na neno lingine.

Kabongo alikwangua tope kwa ukucha. Wino ulikuwa chini ya tope. Hakuna mtu ambaye angeweza kuandika saa hizo baada ya shimo kuwafukia watu.

“Alimwambia nani?”

Godelieve alisema mumewe alimwambia sekretere wa ushirika, Stanislas, mara tatu. Mara zote tatu Stanislas alimjibu kwamba mashine inakimbia vizuri, aje aone mwenyewe.

Kabongo alikunja karatasi ya kumwondoa, akaitia mfukoni, akaenda kwa dereva. Alimwambia asiwashe injini. Dereva akasema ameajiriwa na sekretere, na saa sita lazima awe njiani na mtu.

“Utaenda na muntu,” Kabongo alisema. “Ngoja.”

Ofisi ya ushirika ilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo, chini ya mlingoti wa sirene. Stanislas alikuwa ndani, akifunga mafaili kwa kamba. Alikuwa mtu wa shati nyeupe na sauti ya chini, mwenye kusoma somo la kwanza kila Jumapili. Alimpa Kabongo pole ya Ngoy, kama alivyompa kila walipokutana, akamwuliza kama yule mama amekwisha kupanda.

Kabongo alisema anataka kuona ordinatere ya kibanda.

Iliwekwa mezani. Stanislas aliichomeka, akaiwasha mwenyewe. Sekunde arobaini, ikawa tayari. Alifungua barua, akafungua orodha, akafunga, akafungua tena.

“Unaona, tata inspecteur? Inakimbia. Tume pia iliona.”

“Tume iliona hii tu?”

“Kuko kitu ingine ya kuona?”

Kabongo alikuwa amekwisha kumtuma polisi wa zamu kwa pikipiki kumleta Rachida Feruzi. Rachida alikuwa na kibanda cha kutengeneza ordinatere karibu na soko. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani na malori, nao bado ni watu wa malori, yeye peke yake ndiye aliyeshika bisibisi. Aliingia na mfuko mzito begani, ushungi umebanwa kwa pini mbili, akasalimia, akaketi bila kungoja kuonyeshwa kiti. Mikono yake ilinuka risasi ya kuungia.

Alizima mashine, akaiwasha upya. Safari hii alibonyeza kitufe mapema, na skrini nyeusi ikatokea ikiuliza upande gani ufunguliwe.

Rachida alimweleza Kabongo kwa maneno machache. Mashine ilikuwa moja lakini ndani yake mlikuwa na mifumo miwili. Wa kwanza ni ule unaojulikana katika kila ofisi. Asubuhi na mapema Stanislas aliutumia kuandika orodha ya watakaoshuka. Saa kumi na mbili mashine ilizimwa, Kisimba akaiwasha na kuchagua wa pili. Wataalamu waliofunga nyaya kwenye nyufa za ukuta ndio waliouweka mfumo huo wa pili, kisha wakaenda zao. Kila waya ulituma kipimo chake kila sekunde tano. Mfumo wa pili ulikusanya vipimo, ukavihesabu, na kama ukuta umetembea, ukaamuru sirene ilie.

Alichagua wa pili. Kabongo akaangalia saa yake. Dakika mbili na nusu zilipita kabla ya skrini kutulia. Kialama cha mshale kilifuata mkono wa Rachida kwa kuchelewa, kama kinaburutwa.

Kwenye kona ya skrini palikuwa na saa ya kipimo cha mwisho kilichohifadhiwa: 13h19. Halafu ikawa 13h20.

Rachida alisogea karibu. Vidole vyake vilisimama.

“Inspecteur, hii haijamaliza kazi ya siku ile. Bipimo byote bilifika. Biko mu mustari, binangoja kuhesabiwa. Benye kuizima, baliizima na mustari yake ndani.”

“Mustari inafika wapi?”

Alitazama. “Mpaka saa nane na robo. Kisha nyaya zilikatika.”

Stanislas alikohoa. Kabongo alimwambia Rachida asimamishe hesabu hiyo, isisogee hata dakika moja, kwanza atafute ugonjwa. Rachida akaisimamisha.

Alianza na vumbi. Kolwezi yote ni vumbi, na mashine nyingi anazoletewa hufa kwa joto. Alifungua tumbo la mashine, akatoa uchafu mwekundu kwenye feni, akapuliza, akafunga, akawasha. Ilikuwa vilevile. Alimwambia Kabongo aweke mkono chini yake.

“Baridi,” Kabongo alisema.

“Njo ile inanishangaza. Mashini yenye kulemewa inaunguza mukono. Hii haiko inachoka. Kuko kitu inaishikilia.”

Stanislas alisema kwa upole kwamba labda mfumo wenyewe wa pili ni mbovu, kitu cha wazungu walioondoka, na marehemu alipenda kuchezeachezea. Rachida alitoa katika mfuko wake mashine nyingine ya aina ileile, akachomoa diski ya mashine ya ushirika akaitia humo pamoja na mifumo yake miwili, akachomeka chaja yake mwenyewe, akafungua upande wa pili. Sekunde hamsini.

“Mufumo haiko na kosa,” alisema. “Wala diski. Na marehemu hakuharibu kitu.”

Kabongo aliandika sentensi hiyo neno kwa neno. Saa ilikuwa tatu na dakika ishirini.

Diski ikarudishwa. Rachida alifungua dirisha dogo lenye tarakimu zinazobadilika. Alisema hayo ndiyo mapigo ya prosesa, kile kichwa kinachohesabu. Kwa kawaida ilipaswa kupiga mara bilioni mbili na nusu kwa sekunde. Ilikuwa inapiga milioni mia nane, na kila alipoipa kazi nzito haikupanda hata kidogo. Alikaa akiitazama tarakimu hiyo muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono na kuchomoa chaja.

Betri ya mashine ilikuwa kuukuu, ya kushika dakika chache tu. Lakini dakika hizo zilitosha. Tarakimu iliruka kutoka milioni mia nane hadi bilioni mbili na nusu. Mshale ukafuata mkono wake kama kivuli.

Akachomeka chaja. Milioni mia nane.

Akachomoa. Bilioni mbili na nusu.

Alifanya hivyo mara tatu ili Kabongo aone, naye Kabongo akaandika mara tatu.

“Ni chargeur,” Rachida alisema. “Mu chargeur ya kweli ya hii mashini muko waya tatu. Mbili zinaleta courant, ule umeme. Ya tatu, nyembamba, inaambia mashini: mi ni wa kwenu. Hii ya soko haisemi kitu. Mashini haiiamini, inaogopa kuungua, inajifunga.”

“Haiwezekani,” Stanislas alisema. Hakupandisha sauti. “Chargeur ni ile ile ya siku zote. Angalia, iko na alama ya mama Kisimba.”

Kwenye waya wa chaja palikuwa na kipande cha liputa, kile kitenge cha maua ya buluu, kimefungwa fundo. Kabongo alikuwa amekiona tangu asubuhi, akadhani ni kitambaa cha kushikia waya usikatike.

Aliuliza alama hiyo ni ya nini. Stanislas alieleza kwa hiari, tena kwa urefu. Tarehe nane mwezi wa tano walimzika mama mkwe wake. Siku ya mazishi hakuna aliyeshuka shimoni, kwa hiyo mashine ya sirene ilikuwa imelala. Yeye alihitaji chaja ya pili pale kilioni, nyumbani kwa msiba, ya mashine iliyopiga nyimbo za kwaya usiku na mchana kwenye grupu, yaani jenereta la umeme. Kisimba akamwazima tangu jioni ya kuamkia mazishi, maana mtu aliyefiwa hanyimwi. Na kama desturi, kila kitu kinachokwenda kilioni huwekwa alama na mwenyewe, sufuria, kiti, beseni, hadi kijiko, ili kisipotee katika vitu vya watu. Mke wa Kisimba aliweka kitambaa chake. Asubuhi ya kesho yake baada ya mazishi, chaja ilirudi na kitambaa chake.

“Tarehe tisa,” Kabongo alisema.

“Tarehe tisa, ndiyo. Asubuhi.”

Kabongo aliandika tarehe hiyo, akaweka daftari la Kisimba kando ya lake, wazi, kwenye ukurasa wa mwezi wa tano. Stanislas alilitazama. Alisoma tarehe, akasoma saa, akaanza kukunja mikono ya shati.

Kabongo akamtuma polisi amlete Godelieve.

Wakati wakingoja, alimwuliza Rachida swali moja. Kama chaja inaifunga mashine, kwa nini upande wa kwanza unakimbia, na chaja ni hiyohiyo? Rachida alisema hilo ndilo alilokuwa anajiuliza tangu alipoingia. Alizima, akafungua upande wa kwanza, akatafuta kimya. Dakika kumi baadaye aligeuza skrini imwelekee inspekta. Palikuwa na programu ndogo, isiyo na picha wala kelele, inayojiwasha pamoja na mashine. Kazi yake ni moja. Inaiambia prosesa isisikilize amri ya kujifunga.

“Muntu aliiweka. Haikujiweka yenyewe. Iliwekwa tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano, saa kumi na moja na nusu asubuhi, na mot de passe, ile neno ya siri ya sekretere.”

Kabongo alimtazama Stanislas. “Saa ile nani anashika mashini?”

“Ile... ni mutoto wa ndugu yangu wa Likasi alinielekeza ku telefone. Mashini ilikuwa nzito. Nilikuwa na orodha ya kuandika, batu balikuwa banangoja kushuka.”

“Kumbe ulijua iko nzito.”

“Asubuhi ile tu.”

“Na Kisimba alikuambia.”

“Kisimba alikuwa anasema mambo mingi.”

Godelieve aliingia, akasalimia, akabaki amesimama. Kabongo alimpa chaja bila kumweleza kitu. Akaishika, akaigeuza, akavuta kitambaa karibu na macho.

“Kitambaa ni yangu,” alisema. “Ilitoka ku liputa yangu ya ubatizo wa mutoto. Hii fundo haiko yangu.”

“Fundo ni fundo, mama,” Stanislas alisema.

“Mi sifungake fundo, tata Stanislas. Ku kilio batoto banafungua mafundo yote, wewe unajua. Mi nashonaka. Hii nilishona ku waya, uzi ya kijani, mara saba, karibu na ile sanduku yake ndogo. Angalia hapa ku kitambaa, matundu ya sindano ingali.”

Matundu yalikuwepo, saba, yamepangwa mstari. Uzi haukuwepo. Chaja ya sokoni haikuwa na dalili ya kushonewa kitu.

Kwenye meza ya pembeni, chini ya kitambaa cha mezani, ilikuwa ordinatere ya Stanislas mwenyewe, ya aina ileile. Kabongo aliona jinsi Stanislas alivyojizuia asiiangalie. Alimwomba chaja yake.

Stanislas akasema iko nyumbani. Kisha akasema hapana, iko hapo, lakini waya wake una kasoro, hataki imdhuru mtu. Kabongo alinyanyua kitambaa cha mezani mwenyewe, akaichomoa, akampa Godelieve.

Godelieve alitoa pini ya nywele chini ya kilemba. Aliingiza ncha yake pale waya unapoingia kwenye sanduku la chaja, katika ule mfereji mdogo ambao kisu hakifiki, akazungusha polepole. Nje wanawake walikuwa wamesogea kutoka njiani hadi uani, na mafagio yao.

Pini ilipotoka, ilikuwa na kipande cha uzi wa kijani, kirefu kama ukope.

Akakiweka juu ya karatasi ya Kabongo.

“Chargeur yako iliungua ku kilio,” Kabongo alimwambia Stanislas.

“Grupu ilipanda na courant. Saa tisa ya usiku. Nilifanya nini? Nilikuwa na maiti ndani ya nyumba.” Stanislas aliketi. “Chargeur nilirudisha. Nilinunua ingine, nikarudisha. Waya ni waya. Mi nilijua namna gani ya kwamba inazungumza?”

“Tarehe tisa haukujua. Ndiyo. Mi nakubali,” Kabongo alisema. “Lakini kitambaa ulihamisha. Na tarehe kumi na moja uliona mashini iko nzito, ukatafuta dawa, ukaipata. Uliweka upande yako. Juu ya nini haukuweka upande wa sirene?”

Stanislas alitazama meza.

“Kama ningegusa ile upande, Kisimba angeuliza mashini ilipata nini.”

“Aliuliza. Mara tatu.”

“Ile upande haikuwa yangu,” Stanislas alisema.

Rachida alimwomba radhi Mwenyezi Mungu kwa sauti ndogo. Godelieve aliukamata msalaba mdogo wa rozari, akaubana.

Kabongo alimwambia Rachida achomeke chaja ya uzi wa kijani na waya wa sirene ulioshuka kutoka mlingotini, kisha afungue upande wa pili. Ukafunguka kwa sekunde hamsini. Saa kwenye kona ilikuwa bado 13h21, pale hesabu iliposimamishwa.

“Iachie,” alisema. “Imalize kazi ya siku ile.”

Rachida aliiachia. Saa kwenye kona ikaanza kukimbia. 13h22, 13h24, 13h27. Vipimo vya siku ya msiba vilikuwa vinapita kimoja baada ya kingine, na mistari ya ukuta ilikuwa imenyooka. Kabongo alisimama nyuma ya kiti cha Stanislas, mikono yake yote miwili juu ya mgongo wa kiti. Ilichukua dakika kama saba. Ilipofika 13h36, mstari mmoja ukainama. Kisha wa pili. Ilipofika 13h41, mistari mitatu ikainama pamoja, skrini ikawa nyekundu.

Na juu ya mlingoti, sirene ikalia.

Ililia kambi nzima, sauti ambayo watu waliingoja siku moja tu na siku hiyo haikuja. Uani mama Stéphanie, mkubwa wa wale wajane, aliangusha fagio lake. Watu walitoka katika nyumba. Wengine walianza kukimbia kuelekea shimoni, ambako hapakuwa tena na mtu wa kuokoa, wakasimama katikati ya njia wakitazamana.

Kabongo aliiacha ilie. Alihesabu dakika nzima kwa saa yake kabla ya kumwashiria Rachida aizime.

“Saa saba na dakika arobaini na moja,” alimwambia Stanislas, na sauti yake haikuwa kubwa. “Ngoy alikula kwangu siku ile. Nilimusindikiza mimi mwenyewe mpaka ku kizuizi. Alishuka saa saba na dakika hamsini.”

Stanislas akaanza kukunjua mikono ya shati lake.

Halafu Kabongo alimgeukia Godelieve, akamwambia kwamba saa nane na dakika tano mumewe aliona skrini inamwonyesha ukuta wa saa saba na dakika kumi na tisa. Hakuwa na njia ya kujua ukuta wa sasa uko namna gani, isipokuwa kwenda kuusikiliza na kuwaita watu kwa mdomo wake. Alikuwa na dakika kumi. Alisema ataiandika hivyo, na karatasi ya kumwondoa aliyoitia sahihi ataivunja kwa sahihi ileile.

“Andika na hesabu,” Godelieve alisema.

“Hesabu gani?”

“Ni batu kumi na mbili.”

Akaandika kumi na wawili, mbele yake, akamwonyesha.

Stanislas aliomba mambo mawili. Kwanza apelekwe kwa jeep ya polisi, yenye pazia, kupitia njia ya nyuma. Pili, akamgeukia Godelieve, akamwita mama, akamwambia kwamba wao wote ni watu wa sala, wanapokea mkate mmoja, asamehe.

“Mungu atakusamehe kama anapenda,” Godelieve alisema. “Ni kazi yake. Mi nitangoja juji wa tribunal.”

Kabongo alisema jeep haipo, ila gari lipo, tena limelipiwa.

Alipotoka naye nje, amemfunga pingu, dereva wa lori alikuwa amesimama pamoja na wengine. Kabongo alimwonyesha karatasi. Neno Mutshatsha lilikuwa limekatwa kwa mstari, na juu yake imeandikwa parquet ya Kolwezi, ofisi ya mashtaka. Dereva aliisoma, akamtazama aliyemwajiri, akaenda kufungua ubavu wa nyuma.

Wajane hawakungoja kuambiwa. Walivuka uwanja wakaingia ndani ya lori, wakashusha vyombo vya Godelieve kimoja kimoja, godoro, sufuria, beseni, gunia la makaa, wakavirudisha nyumbani kwake na kuvipanga mlangoni. Mama Stéphanie ndiye aliyebeba kitanda cha mtoto. Alipopita mbele ya Godelieve hakuweza kumtazama usoni, lakini alimwita mwenzangu.

Stanislas akapandishwa. Lori lilikuwa wazi, halina hata turubai, na jua la saa tano lilikuwa limetoka. Alijaribu kuketi chini, nyuma ya ubavu. Kabongo akamwambia asimame, ashike chuma, kila nyumba imwone. Yeye mwenyewe akapanda akasimama karibu naye.

Injini ikawaka. Wanawake wakashika mafagio yao na kujipanga nyuma ya lori, kama walivyokusudia tangu asubuhi. Mama Stéphanie aliinama kuanza, kisha akasita. Akageuka, akalishika fagio lake kwa mikono miwili, akampa Godelieve.

Godelieve aliliweka chini kwanza, akavua rozari mkononi, akaivaa shingoni ili isimzuie. Halafu akaokota fagio, akatangulia.

Lori lilikwenda polepole, na yeye nyuma yake, akifagia alama za magurudumu kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuharakisha. Stanislas alikuwa ameelekea nyuma, hana pengine pa kuangalia. Walipofika kwenye lami wanawake wengine walisimama. Godelieve alifagia hata pale mchanga wa mwisho uliobaki kwenye magurudumu ulipodondoka juu ya lami, akahakikisha hakuna kitu, kisha akageuka kurudi nyumbani kwake.